Kongamano la Kikristo ndani ya safari ya misheni nje ya nchi: nani akae kwenye kiti tunachokilipia?

Mwanzilishi wa uzi (Nyali)

Bwana asifiwe, wanajukwaa.

Kila mwaka ukikaribia katikati, makanisa mengi ya hapa Mombasa, kuanzia Changamwe hadi Mtwapa, huanza kuchangisha fedha za safari za misheni za mwezi Agosti, wakati walimu na wanafunzi wanapokuwa likizoni. Katika ratiba za safari hizo, hasa zile za kuvuka mpaka, siku hizi haukosekani mstari mmoja unaosema kwamba kundi litahudhuria kongamano la siku tatu au nne katika nchi mwenyeji. Mstari huo umezua maneno katika kila kamati niliyowahi kukaa. Wapo wanaosema kwamba kongamano ni matembezi yaliyovishwa kanzu, na wapo wanaoapa kwamba ndiyo sehemu pekee ya safari ambayo vijana wao huizungumzia hata baada ya mwaka kupita.

Mimi sina ugomvi na kuhudhuria. Ninachogombana nacho ni mahali kongamano linapowekwa katika ratiba, na mtu anayelipiwa kuingia. Kwa desturi tuliyoizoea, kongamano huwekwa mwishoni, kama pongezi baada ya kazi ya vijijini, na viti vyote tunavyovilipia huwa ni vyetu wenyewe. Napendekeza kinyume chake: kongamano liwe la kwanza, kabla hatujatia mguu kijijini, na sehemu ya ada tuliyokusudia kujilipia iende kwa wainjilisti, wazee wa kanisa na walimu wa shule ya Jumapili wa kanisa mwenyeji ambao, bila mchango huo, wasingefika.

Nitatumia mfano wa kaskazini mwa Malawi, kwa kuwa ndiko kundi letu limekuwa likielekea, na kwa kuwa uhusiano wa Mombasa na nchi ile ni wa zamani kuliko wengi wanavyodhani. Frere Town, tunayoipita pale Kengeleni tukielekea Kisauni bila hata kugeuza shingo, ilianzishwa na CMS, shirika la wamisionari wa Kianglikana kutoka Uingereza, mwaka 1875 iwe makao ya watu waliookolewa kutoka katika majahazi ya watumwa. Wengi wao walikuwa Wayao, Wamakua na watu wa kandokando ya Ziwa Nyasa. William Jones, ambaye James Hannington, askofu wa Kianglikana, alimfanya shemasi mwaka 1885 na ambaye alikuwa katika msafara wa mwisho wa askofu huyo, alizaliwa miongoni mwa Wayao, akauzwa utumwani akiwa mtoto na kusomeshwa Bara Hindi kabla ya kuletwa huku pwani. Maana yake ni kwamba baadhi ya watu wa kwanza kuisoma Biblia kwa sauti katika kanisa la ng'ambo ya Nyali walikuwa na asili ya kulekule ambako leo tunasema tunakwenda kupeleka habari njema.

Na habari hizo hazikungoja tufike. Wamisionari wa misheni iitwayo Livingstonia, kutoka Uskochi, waliweka kambi Cape Maclear, kusini mwa ziwa, mwaka uleule wa 1875. Malaria ikawasukuma hadi Bandawe mwaka 1881, kisha mwaka 1894 wakapanda kwenye uwanda wa juu ambako Livingstonia ipo hadi leo. Kanisa la CCAP, ambalo ndilo kanisa kubwa la Kipresbiteri katika nchi hiyo, lilizaliwa mwaka 1924 kwa kuungana kwa presbiteri, yaani mabaraza ya wachungaji na wazee, za Livingstonia na Blantyre. Kundi la Mombasa linalofika huko na ngoma na vipaza sauti likidhani linafungua njia, linafika katika kanisa lenye karne nzima ya wazee, vikao na kumbukumbu.

Hata mkutano mkubwa wa Kikristo wenyewe si jambo lililoletwa juzi na wafadhili. Donald Fraser, Mskochi aliyefika nchi ya Wangoni mwaka 1897, aliandaa huko Ekwendeni na sehemu za jirani mikutano ya siku kadhaa iliyofikia kilele chake kwa ubatizo wa mamia na Meza ya Bwana. Watu walitembea kwa miguu kutoka mbali, wakalala katika vibanda vya nyasi na matawi, na Wangoni wenyewe wakatunga tenzi kwa miondoko ya nyimbo zao za asili, ambazo baadhi yake zingali zikiimbwa. Kwa hiyo unapokaa leo kwenye kongamano katika eneo lile, ujue umeketi ndani ya desturi yenye wenyewe. Jambo la kwanza linaloonekana kwa mgeni aliyetulia ni kwamba waimbaji hawahitaji kuchangamshwa na mtu kutoka nje.

Sasa, kwa nini liwe mwanzoni? Kwa sababu mchungaji wa kijiji mtakachokwenda yumo humo ukumbini. Katika CCAP mchungaji mmoja huwa na ushirika wenye nyumba za sala kadhaa zilizotawanyika, na Jumapili nyingi ibada huongozwa na wazee. Mkikutana naye siku ya kwanza, kwenye foleni ya nsima na usipa, yaani ugali na dagaa wa ziwani, atawaeleza mambo ambayo hayatoki katika barua pepe: nyumba ya sala ipi haina mtu wa kufundisha watoto, familia ipi imefiwa, na kwamba hakuna kundi linaloanza jambo lolote kijijini kabla ya kwenda kumsalimu chifu. Atawaeleza pia kwamba msiba ukitokea, shughuli zote husimama na watu wote huenda msibani, pamoja na nyinyi na ratiba yenu iliyochapishwa. Yote haya mkiyasikia mwishoni, yanakuwa majuto. Mkiyasikia mwanzoni, mnabadilisha mpango mkiwa bado na muda.

Nimeona mpango mzima wa mikutano ya hadhara ya jioni ukifutwa namna hiyo, baada ya wazee wawili kueleza kwa upole kwamba wanachohitaji ni watu wa kukaa na walimu wa watoto asubuhi, kwa kuwa wahubiri wanao wa kutosha. Vijana wetu wachache walinuna, maana walikuwa wamefanya mazoezi ya igizo tangu Pasaka. Walinyamaza walipoona walimu wale wakinukuu masomo kwenye madaftari ya shule hadi taa zikazimwa.

Naomba maoni, hasa ya wale waliowahi kuwa wenyeji na si wageni peke yake.

Mkaazi wa Likoni

Shalom, ndugu mwanzilishi. Umeandika vizuri, lakini naomba nikupinge bila kuzunguka.

Fedha za safari hizi hutolewa na watu wanaouza samaki, wanaoendesha tuktuk na wanaosukuma mikokoteni hapa kwenye feri. Wanapoombwa mchango, huambiwa kwamba ni wa kupeleka Neno vijijini, na ndiyo sababu wanatoa. Hakuna hata mmoja aliyeambiwa kwamba shilingi yake itamlipia kijana wa Mombasa ada ya kukaa ukumbini akisikiliza mahubiri ambayo angeweza kuyasikia Tononoka bila nauli. Ukipanga kongamano mwanzoni, mwishoni au katikati, siku zile zimekatwa kutoka katika kazi. Kundi likikaa ugenini majuma mawili, na safari ya barabara kwenda na kurudi imeshakula sehemu kubwa, kongamano la siku nne linabakisha nini?

Pili, hoja yako ya kumlipia mwenyeji inaweza kuwa nzuri, lakini hiyo ni kazi ya kanisa lake. Tukianza kuwalipia watu wazima nauli ya kwenda kwenye mkutano wa kanisa lao wenyewe, tutakuwa tumefundisha nini?

Mwanzilishi wa uzi

Ndugu yangu wa Likoni, kuhusu mchangiaji kuelezwa ukweli tuko pamoja, na hapo sina la kujitetea kwa niaba ya kamati zetu. Bajeti isomwe mbele ya kanisa kabla bahasha hazijagawiwa, mstari wa kongamano ukiwa na kiasi chake, ili anayeona halimfai awe huru kutenga sadaka yake kwa ajili ya Biblia au nauli.

Kuhusu siku zilizokatwa, nakataa kwamba kukaa na wenyeji ukumbini si kazi. Ukiingia kijijini bila kumjua mtu, siku zako mbili za kwanza huliwa na utambulisho, na siku ya tatu ndipo unaanza kuelewa nani ni nani. Kongamano hulipa muda huo mapema, kwa sababu mnafika kijijini mkisindikizwa na watu mliokula nao. Sijasema kila kongamano linafaa. Mkutano ulioandaliwa hotelini kwa ajili ya wageni kutoka nchi nyingine, ambamo mwenyeji pekee ni mpiga kinanda na wahudumu wa meza, siwezi kuutetea hata kwa dakika moja. Ninaozungumzia ni ule ulioitishwa na kanisa mwenyeji kwa mahitaji yake, ambao ungefanyika hata kama sisi tungebaki Mombasa.

Mama wa Kisauni

Nimeombwa maoni ya wenyeji, nami nimekuwa mwenyeji kwa miaka mingi, kwa hiyo nitasema.

Sisi watu wa Mombasa tunapokea wamisionari tangu Krapf, yule mmisionari Mjerumani, alipofika mwaka 1844, na kaburi la mkewe na mtoto wake, waliofariki mwaka huohuo, lipo upande huu wetu wa bara. Hatukosi uzoefu wa wageni. Kundi moja kutoka ng'ambo, ambalo sitalitaja, lilitusaidia kuandaa kongamano katika hoteli moja ya ufukweni kaskazini mwa mji. Meza ya mbele ilitengwa kwa ajili yao, yenye maji ya chupa na kitambaa cheupe. Walizungumza asubuhi zote, wakapigwa picha, na saa ya majadiliano ya vikundi ilipofika wakaenda kuogelea. Waliobaki kwenye vikundi ni sisi, na hata sisi hatukuwa tuliostahili kuwapo, kwa sababu wainjilisti wa Ganze na Kinango, ambao ndio wanaokaa na watu wa mashambani, walishindwa nauli. Tulifundishwa namna ya kufikia vijiji tukiwa hatuna hata mtu mmoja anayetoka kijijini.

Kwa hiyo, baba, hoja yako ya kiti naiunga mkono kwa mikono miwili. Nyongeza yangu ni kwamba msiishie kwenye ada. Mwinjilisti ana mke na watoto, ana shamba, na siku nne za kutokuwapo zina gharama ambayo haionekani kwenye fomu ya usajili. Akina mama ndio huachwa nyuma zaidi, kwa kuwa mama mwenye mtoto mchanga hawezi kuja pasipo mtu wa kumshikia mtoto. Tulipowahi kupanga pahali pa watoto na wasichana wawili wa kuwaangalia, idadi ya walimu wa kike iliongezeka papo hapo, na gharama yake haikufika hata bei ya lile bango la ukumbini.

Jambo la mwisho: wageni wakae wametawanyika. Msikae safu moja mkinong'onezana Kiswahili chenu.

Katekista mstaafu (Rabai)

Wanangu, mjadala huu ni mkubwa kuliko safari zenu za Agosti.

Mwaka 1910 ulifanyika mkutano mkuu wa misheni wa dunia huko Edinburgh, na wajumbe walikuwa kama 1,200, karibu wote wakitoka Ulaya na Amerika ya Kaskazini. Afrika ilizungumzwa sana, lakini Waafrika wenyewe karibu hawakuwapo. Ilichukua miongo mingi kwa hali hiyo kubadilika, hata ikafika kwamba mwaka 2010 kongamano la tatu la Lausanne, vuguvugu la uinjilisti la kimataifa, lilifanyika Cape Town, likiwa na washiriki wapatao 4,000 kutoka nchi zaidi ya 190. Swali la nani amekaa kwenye kiti limekuwa likiulizwa tangu zamani, na nafurahi kuliona likiulizwa na Waafrika wanaokwenda kwa Waafrika, kwa sababu tabia ya kukaa meza ya mbele haina rangi.

Lakini ndugu wa Likoni asipuuzwe. Mwaka 1971 mchungaji John Gatu, aliyekuwa katibu mkuu wa PCEA, kanisa la Kipresbiteri la hapa Kenya, alisimama Marekani na kutaka wamisionari na fedha za kutoka nje zisitishwe kwa muda, ili makanisa ya Afrika yajifunze kusimama kwa miguu yao. Mwaka 1974 Baraza la Makanisa ya Afrika Yote lilikutana Lusaka na kuunga mkono wito huo. Wengi walimlaumu kwa ukali. Hoja yake, kama nilivyoielewa mimi wakati ule nikiwa kijana, ilikuwa kwamba mtoaji, hata akiwa na moyo safi kiasi gani, huishia kuwa mwamuzi. Sasa nyinyi mnataka kumlipia mwinjilisti kiti. Nani atakayemchagua? Mkimchagua nyinyi kwa sababu anajua Kiingereza na alikuwa mchangamfu kwenye simu, mtakuwa mmeweka mkono wenu katika mambo ya presbiteri ya watu wengine, na mtaondoka mkiacha husuda kati ya wazee.

Ushauri wangu: toeni fedha kwa ofisi ya kanisa mwenyeji kwa barua, bila masharti ya majina, kisha waacheni wachague. Wakimchagua mtu msiyempenda, mkae naye.

Kijana wa Bamburi

Nashukuru kwa mafundisho, wazee wangu. Mimi ninasafiri kwa mara ya kwanza na nina maswali mawili. Kwanza, ikiwa waandaaji watatuomba tuhubiri katika kongamano lao, tukatae au tukubali? Pili, tujiandae vipi kwa hati na vifaa tukipitia njia ya barabara hadi Mzuzu, ule mji wa kaskazini mwa Malawi?

Mwanzilishi wa uzi

Mzee wa Rabai, nimekubaliana nawe kuhusu majina, na nimekwisha kuirekebisha rasimu ya barua yetu. Mama, suala la mahali pa watoto halikuwamo kabisa katika bajeti yetu, na litaingia.

Kijana wangu, kuhusu kuhubiri: mkiombwa, ulizeni kwanza ni nani aliyekuwa amepangwa katika nafasi hiyo. Mara nyingi mwenyeji hutoa nafasi kwa adabu tu, na mhubiri wake mwenyewe aliyejiandaa kwa mwezi mzima hukaa chini akitabasamu. Kubalini ushuhuda mfupi au wimbo, na mwachieni mwenyeji mahubiri. Wakisisitiza kwa mara ya tatu, basi hilo limetoka moyoni, na mtu wenu mmoja azungumze kwa kifupi. Tangu mambo ya Shakahola ya mwaka 2023, ambapo waumini wengi walikufa kwa kufundishwa kujinyima chakula hapa jirani yetu Kilifi, kanisa lolote lenye busara huuliza mgeni anafundisha nini na ametumwa na nani. Msilione hilo kuwa ni dharau. Bebeni barua ya utambulisho kutoka kanisa lenu na barua ya mwaliko kutoka kwa wenyeji, zote zikiwa na mhuri, na nakala zake zikae kwa watu wawili tofauti.

Kuhusu hati, pasipoti ni lazima, na iwe imebakisha angalau miezi sita. Kitambulisho cha taifa, kinachokufikisha Uganda na Rwanda, hakitawasaidia hapa. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano huulizwa mipakani. Chanjo hiyo huhesabiwa kuwa imeanza kufanya kazi siku kumi baada ya kuchomwa, kwa hiyo anayekwenda kudungwa juma la safari anajitafutia usumbufu. Habari njema ni kwamba tangu mwaka 2016 cheti chake hudumu maisha yote. Masharti ya viza hubadilika, hivyo yathibitisheni kwa ubalozi kabla ya kukata tiketi, wala msitegemee maneno ya waliosafiri mwaka juzi. Afisa wa uhamiaji akiuliza mnakwenda kufanya nini, semeni ukweli na mwonyesheni mwaliko.

Njia yenyewe ni Lunga Lunga hadi Horohoro, mkapita Tanga, mkatokea Segera na Chalinze, kisha Morogoro, Iringa, Makambako na Mbeya. Kutoka Mbeya mnashuka Tukuyu hadi Kasumulu, mnavuka mto Songwe na kuingia Karonga. Kutoka hapo barabara hufuata ufuko wa ziwa hadi Chitimba, palipo na njia ya kupanda Livingstonia, na mbele yake ndiyo mnapanda kuelekea Mzuzu. Ni safari ndefu. Mwenye mgongo mbovu aseme mapema. Msipange kufika siku ileile kongamano linapofunguliwa, maana basi likiharibika Iringa mtaingia ukumbini mkiwa mmechoka na mmekosa mkutano wa wazee, ambao ndio hasa mliusafiria.

Shilingi ya Kenya haitawafaa mkishavuka Tanzania. Bebeni dola za kiasi, mbadilishe kwacha kwa viwango halali, wala msimfuate kijana anayewakimbilia na burungutu pale mpakani. Malawi iko nyuma yetu kwa saa moja, na wao huhesabu saa kuanzia usiku wa manane. Mtu akikwambia saa nane, thibitisha ni ya asubuhi. Vilevile bebeni masweta. Watu wa pwani hatuamini hadi tupigwe na baridi ya Mzuzu ya mwezi wa Julai na Agosti, na nimeona mwimbaji wetu mzuri kuliko wote akikosa ibada ya ufunguzi kwa sababu alikuwa amejifunika blanketi akitetemeka.

Mkenya aliyepo Mzuzu

Nimekuwa nikisoma kimyakimya. Ninaishi huku kwa sababu ya kazi, na nimewahi kuombwa kukalimani kwa makundi mawili kutoka nyumbani, kwa hiyo ninaongeza machache.

Karonga mtawapata watu wengi wanaosikia Kiswahili, kwa sababu ya biashara ya mpakani, na hapo ndipo wageni hudanganyika wakadhani lugha si kikwazo. Huku Mzuzu na vijiji vya Mzimba lugha ya nyumbani ni Chitumbuka, ingawa Chichewa kinaeleweka. Kwenye kongamano, vikao vikuu huendeshwa kwa mchanganyiko, na Kiingereza hutumika zaidi pale wageni wanapokuwapo. Hilo lina gharama. Mara Kiingereza kinaposhika ukumbi, wazee wa vijijini hunyamaza, na walimu vijana wa mjini ndio huzungumza. Ikiwa mnataka kuwasikia wale mliowalipia viti, waombeni waandaaji waendeshe vikundi kwa Chitumbuka, nanyi mkae na mkalimani akiwanong'oneza. Mtapitwa na mengi. Afadhali mpitwe nyinyi.

Mpeni mkalimani vifungu vya Biblia usiku uliotangulia, semeni kwa sentensi fupi, na acheni vichekesho vya Mombasa nyumbani. Na msishangae mkiwaona akina mama wa Umanyano, yaani umoja wa wanawake wa CCAP wa kaskazini, wakiendesha nusu ya shughuli huku wachungaji wakifuata. Mkitaka jambo lifanyike, zungumzeni nao.

Mkaazi wa Likoni

Nimesoma yote. Bado ninaamini siku nne ni nyingi, na ningependa kundi liende siku mbili za mwanzo, zile za wazee na vikundi, kisha liondoke kwenda vijijini wakati mikutano ya jioni ikiendelea. Hiyo ya kulipia viti kupitia ofisi ya kanisa mwenyeji naikubali, kwa sharti moja: risiti irudi Mombasa na isomwe kanisani, kwa majina ya nyumba za sala zilizonufaika, ili muuza samaki wangu ajue kwamba shilingi yake ilikaa wapi. Je, kamati yako iko tayari?

Mwanzilishi wa uzi

Risiti itasomwa. Tumekubaliana na mweka hazina kwamba fedha za viti zitatumwa kwa benki kwenda akaunti ya kanisa mwenyeji, si mkononi mwa mtu, na kwamba taarifa yao itabandikwa kwenye ubao wa matangazo pamoja na hesabu zetu wenyewe za nauli na chakula.

Kuhusu siku mbili, nimelipeleka wazo lako kwa wenyeji badala ya kuliamua hapa, na jibu lao limekuja jana: wangependa tukae siku tatu, kwa kuwa siku ya tatu ndiyo wachungaji hugawana wageni kwa nyumba za sala, na atakayekuwa ameondoka atapangiwa mahali bila yeye kuulizwa. Nitaweka ratiba mpya hapa mara kamati itakapoipitisha. Anayetaka nakala ya barua ya fedha, ili aitumie katika kanisa lake, aniandikie faraghani.